Siku Mbili Kabla ya Kuagana

Kuna siku fulani katika maisha ya wazazi ambazo hazitajwi sana katika mafundisho ya ndoa. Si siku ya harusi, wala ya ubatizo wa mtoto wa kwanza, wala ya kumpeleka kitinda mimba shule ya bweni. Ni zile siku mbili za mwisho kabla ya watoto waliokwisha kuwa watu wazima kuondoka tena, baada ya kukaa nanyi juma zima.

Hapa kwetu Bumula siku hizo tunazijua vizuri. Krismasi imepita. Gari limeegeshwa chini ya mwembe. Mama anafunga unga, mkungu wa ndizi na maharagwe kidogo. Kuku aliyefungwa miguu amelazwa kando akingojea safari asiyoiomba. Watoto wanatazama saa. Baba anazunguka nyumba kama mtu aliyepoteza kitu. Ukimwuliza anatafuta nini, atakuambia anatafuta jembe. Kwa kweli anatafuta neno la kuwaambia watoto wake kabla hawajaondoka.

Ni neno hilo ninalotaka tulizungumzie mwezi huu. Mzazi aliye na jambo zito moyoni, je, alitoe siku za mwisho, hata kama litaharibu furaha ya wote? Au anyamaze, watoto waondoke wakicheka, naye abaki nalo? Mume na mke wengi wamebishana juu ya swali hili usiku, kwa sauti ya chini, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Mimi na mke wangu tulibishana pia, tena mbali na nyumbani, kando ya bahari. Nawasimulia yaliyotupata si kwa sababu tulifanya vyema, bali kwa sababu tuliyakosea mengine, na huenda yakakufaa. Binti yangu nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, naye amenipa.

SAFARI YA MOMBASA

Desemba 2024 watoto wetu wanne walichanga fedha, wakatuambia, "Mwaka huu hatuji nyumbani. Ninyi ndio mtatufuata sisi Mombasa." Mama yao alikuwa na umri wa miaka 63 na hajawahi kuiona bahari. Tulipanda basi la usiku kutoka Bungoma hadi Nairobi, kisha tukaenda Syokimau kupanda ile treni iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kutoka kwetu hadi Mombasa ni karibu kilomita 900. Tulipopita Tsavo, mke wangu aliwaona ndovu waliojaa vumbi jekundu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

Watoto walikuwa wamekodi nyumba upande wa Bamburi, karibu na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi, mchana samaki. Jioni tulikaa mchangani tukawatazama watu wakikodi mipira ya kuogelea, ngamia wakipitishwa, wapiga picha wakibembeleza wateja. Ilikuwa raha, sikatai. Lakini ndugu yangu baba, kama hujawahi kulishwa na watoto wako siku nane mfululizo, hujui jinsi chakula kinavyoweza kuwa kitamu na papo hapo kikakukwama kooni. Siku moja nilitoa mkoba nilipie maji ya kunywa dukani. Mwanangu akaushika mkono wangu akasema, "Papa, weka." Alisema kwa upendo. Nami niliweka. Lakini usiku ule niligeuka kitandani mara nyingi.

Sasa jambo lenyewe. Binti yetu wa pili amepita miaka 30. Kwa miaka mitatu alikuwa akiishi Nairobi na kijana mmoja. Kijana huyo si Mbukusu, na alikuwa hajakanyaga Bumula. Hakuna wazee waliotumwa, hakuna ng'ombe aliyetajwa, hakuna padre aliyeambiwa. Sisi tulijua, tukajifanya hatujui. Mama yake alipompigia simu alikuwa akiuliza, "Mko salama?" Ulikuwa wingi huo tu wa "mko" uliokubali kwamba huko kuna mtu. Mimi nilikuwa nikiuliza, "U salama?"

Siku ya tano ya likizo binti alitupata barazani, akatuambia bila kututazama, "Papa, Mayi, kesho kutwa kuna mtu atakuja. Atakuwa nasi siku mbili za mwisho." Akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

DENI LISILOLIPIKA

Usiku huo nilitoa daftari. Mimi ni mwalimu mstaafu. Jambo lisiloandikwa kwangu halijatayarishwa. Niliandika hoja saba, nikamwambia mke wangu kwamba usiku wa mwisho nitawaita wote barazani nizungumze. Hoja ya kwanza ilikuwa hii: "Sisi ndio tuliowasomesha."

Msomaji, tusimame hapa kidogo, maana nadhani hoja hii imo katika madaftari mengi. Wengi wetu huku tulisomesha watoto kwa fedha za miwa, tumbaku na mahindi. Tuliuza ng'ombe, muhula ukaisha, tukauza mwingine. Tulivaa koti moja miaka kumi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Je, mtu aliyefanya kazi hiyo hana haki ya kudai?

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Mgiriki mmoja, Aristotle, alilitazama jambo hili. Alifundisha kwamba mtoto hawezi kamwe kuwalipa wazazi wake kikamilifu, kwa kuwa alichopewa ni uhai wenyewe na malezi. Nilipolisoma hilo ujanani nilifurahi sana, nikaona Mgiriki ananiunga mkono. Sasa nikiwa mzee naona linanishitaki. Kwa maana kama deni halilipiki, kulidai ni nini? Anayedai shilingi mia anataka alipwe mia, kisha mambo yaishe. Anayedai kisicholipika hataki kulipwa. Anataka mdaiwa abaki mdaiwa siku zote. Huko ni kumfunga mtu kamba na kuiita kamba hiyo upendo.

Sisemi kwamba watoto hawatuwii chochote. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Dhamiri ilisema hivyo kabla ya Katiba. Mtoto anawiwa na wazazi wake matunzo na heshima. Lakini matunzo ni kitu kimoja, na kutawaliwa ni kingine. Binti anayetuma fedha za dawa ya shinikizo la damu ya mama yake ametimiza wajibu wake. Nasi tuliomsomesha hatukununua maamuzi yake. Tulimsomesha ili aweze kuamua.

YALIYO YANGU, YALIYO YAO

Je, basi mzazi anyamaze tu? La hasha. Kimya nacho kina makosa yake. Kuna wazazi wanaonyamaza mbele ya mtoto, kisha wakamsema kwa jirani, kwa shangazi, na kwa jumuiya nzima. Kimya cha namna hiyo tunakiita amani, na kumbe ni woga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nimejifunza kuyagawa mambo mafungu matatu, na nakushauri wewe na mwenzako mjaribu kufanya hivyo.

Fungu la kwanza ni mambo yaliyo yangu. Shamba langu nitaligawaje, na lini. Afya yangu ikoje, nataka kuzikwa wapi, nani ninamwia fedha. Mambo haya nina wajibu wa kuyasema waziwazi nikiwa hai na akili timamu. Baba anayeyaficha hadi kufa huwaachia watoto kesi. Hapa Magharibi ya Kenya hakuna asiyejua ndugu wa tumbo moja waliofikishana mahakamani kwa sababu ya mpaka ambao baba angeuonyesha kwa kidole siku moja ya Desemba.

Fungu la pili ni mambo yaliyo yao. Waoe nani, wazae lini, wafanye kazi gani, wajenge wapi. Katika haya mzazi anaweza kuuliza, tena mara moja, na kutoa maoni akiulizwa. Kuuliza mara moja ni upendo. Kuuliza mara ya kumi ni kupiga mtu kwa swali.

Fungu la tatu ni hatari. Ukiona binti yako ana alama za kipigo mwilini, ukiona mwanao anazama katika pombe, ukiona mjukuu hatunzwi, hilo halingoji siku ya mwisho wala adabu ya likizo. Lisemwe siku hiyo hiyo, na litafutiwe msaada. Aliyeona nyumba inaungua hasemi, "Nitawaambia tukimaliza kula."

Taabu yetu wengi ni kwamba tunalichukua jambo la fungu la pili, tunalipandisha lifanane na la tatu. Mtoto amechagua njia tusiyoipenda. Sisi tunapiga kelele za moto. Na mara nyingine tunafanya kinyume chake: moto unawaka kweli, sisi tunasema, "Hayo ni mambo yao." Kuyatenganisha kunahitaji macho manne, ya baba na ya mama. Ndiyo sababu jambo hili linafaa kuzungumzwa katika ukurasa wa ndoa.

NENO LA MLANGONI

Mke wangu aliposikia mpango wa daftari hakuipinga hata hoja moja. Aliuliza tu, "Baba watoto, utawaambia usiku, nao waondoke asubuhi?" Nikasema ndiyo, ili wapate kufikiri njiani. Akasema, "Na wewe utakuwa wapi wakifikiri?"

Sikuwa na jibu. Neno zito linalosemwa mlangoni, mizigo ikiwa imefungwa, ni kama jiwe linalorushwa na mtu anayekimbia. Mrushaji haoni limeangukia wapi. Aliyepigwa hana wa kumjibu, hana wa kumwonyesha jeraha, hana wa kupatana naye. Ukitaka kusema jambo linaloweza kuumiza, lisemee mahali ambapo bado mna siku moja ya kula pamoja baadaye. Kama siku hiyo haipo tena, basi jiulize kama unalisema kwa faida yao au ili wewe upate usingizi.

Watu wa pwani wana hekima katika jambo hili. Kila siku nilimsikiliza mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikarabati nyavu zake. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa yake husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua: maji hupanda juu sana na kurudi nyuma sana. Katikati yake huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Mvuvi hafokei bahari kwa kuondoka. Anaijua saa yake. Anayejua saa hutembea mpaka mwambani akarudi salama; asiyejua hukutwa huko na maji yanarudi. Nilijiuliza ni mara ngapi nimewaingilia wanangu na hotuba yangu wakati wa bamvua, nikashangaa kwamba nusura nizame.

YALIYOTOKEA UFUONI

Kabla ya kuendelea sharti nieleze desturi yetu moja, kwa wasomaji wasio wa huku. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono. Hawali meza moja, wala mama hawezi kulala chini ya paa moja na mume wa binti yake. Wakikutana njiani, mmoja humpisha mwenzake. Vijana wa leo huona kama ni uadui. Sivyo. Ni heshima kubwa mno, na tazama jambo hili: anayeepukwa hivyo ni mkwe. Mtu mwingine yeyote, kijana wa dukani au rafiki wa mwanao, mama humpa mkono tu na kumwuliza habari za kwao.

Kwa hiyo mke wangu alikuwa na fumbo ambalo mimi na hoja zangu saba sikuwa nimeliona. Kijana huyu akija, ampe mkono? Akimpa mkono, atakuwa amemwambia binti yake, "Huyu kwetu si mtu." Amwepuke? Akimwepuka, atakuwa amemwita mkwe, na hali hajaja nyumbani wala kanisani. Hakuna tendo la tatu. Hata kusimama tu ni kujibu.

Kijana alifika Alhamisi alasiri. Tulikuwa tumeketi mchangani, maji yamepwa mbali. Tuliwaona wanakuja kwa miguu, binti mbele, kijana nyuma amebeba viatu mkononi. Moyo wangu ulienda mbio. Mke wangu aliinuka polepole, akavuta leso yake mabegani, akaondoka kwenye njia waliyokuwa wakiijia, akasimama pembeni kama hatua 20 akiwapa mgongo, uso wake umeelekea baharini. Akabaki hivyo mpaka wakapita.

Kijana alifadhaika. Nilimwona usoni, alidhani ametukanwa mbele ya watu. Lakini binti yangu alisimama ghafla kama aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Alielewa. Akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha akamgeukia kijana na kumweleza kwa sauti ya chini, muda mrefu, nami nikaona mabega ya kijana yakilegea.

Jioni hiyo hiyo mwanangu mkubwa alimtafutia kijana chumba katika nyumba ya wageni ya jirani, ili mama yake apate kulala. Kijana alikwenda bila kunung'unika. Siku ya pili, tulipokwenda sokoni, alibeba vikapu na kutembea nyuma yetu kwa hatua zile zile 20. Hakuna aliyemwagiza.

Usiku wa mwisho mke wangu alipika kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba; ilikuja mbele yangu. Mama alikula jikoni na binti zake. Mimi nilikaa mezani na wanangu na kijana yule. Nilijua kila jicho liko kwenye sahani yangu. Ningeweza kuikata nikampa nusu, na hilo lingekuwa neno kubwa kuliko hoja saba. Ndugu msomaji, niliila yote mwenyewe. Sikuwa tayari. Nakuambia ukweli huu ili usije ukadhani kwamba mwandishi wa ukurasa huu ni mtakatifu.

Lakini daftari sikulifungua.

Alfajiri ya kuondoka binti alikuja akanikuta nimekaa nje. Akaketi. Tulikaa muda. Kisha akaanza mwenyewe, bila kuulizwa: kwamba kijana alipoteza kazi mwaka 2023, kwamba aliona haya kuja Bumula mikono mitupu, kwamba wamezungumza na padre mara moja na wakaahirisha, kwamba yeye mwenyewe siku nyingine ana hakika na siku nyingine hana. Nilikuwa na swali moja, nikalitoa: "Mwanangu, unamtaka awe mume wako?" Akasema, "Sijui, Papa. Nadhani ndiyo. Lakini sijui."

Si jibu nililolitaka. Lakini lilikuwa la kweli, na kwa miaka mitatu hakuwa ameniambia neno la kweli juu ya jambo hilo, kwa sababu sikuwa nimemwachia nafasi. Baba aliyejitayarisha kwa hotuba hawezi kupokea "sijui". Hotuba hutaka ndiyo au hapana.

UBISHI NDANI YA TRENI

Usidhani kwamba hapo mimi na mke wangu tulipatana. Kabla treni haijafika Voi nilikuwa nimemwambia, "Umembariki kabla hajaja nyumbani." Naye akasema, "Sikumbariki. Nilimheshimu." Nikamwambia watoto wengine wanatazama, na wadogo watafikiri kwamba njia ya mkato imeruhusiwa. Akanyamaza mpaka Mtito Andei.

Hoja yangu haikuwa ya kipuuzi. Kanisa linafundisha kwamba ndoa ya Wakristu ni sakramenti, na kuishi pamoja hivi hivi hakuifanyi ndoa. Hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za aina tano, yaani za Kikristu, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na "tumezoea kukaa" haimo katika hizo tano. Mzazi anayejifanya kwamba tofauti hiyo haipo anamdanganya mtoto wake.

Lakini mke wangu naye aliposema alisema neno ambalo sijaweza kulipinga hadi leo. "Baba watoto, wewe hutaki tu aolewe. Unataka akuulize. Ameishi miaka mitatu bila kukuuliza, na hilo ndilo linalokuuma."

Jipime hapo, msomaji mwenzangu. Nyuma ya mahubiri mengi ya siku za mwisho kuna hofu isiyosemwa: watoto hawatuhitaji tena. Wanalipa nyumba, wanaagiza chakula, wanajua njia, wanatushika mkono tukivuka barabara. Kwa hiyo tunatafuta kosa moja la kuwarekebisha, ili tuwe wazazi kwa saa moja zaidi. Haki iko katika hoja zetu, lakini si haki tu inayotusukuma kuzisema.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo katika familia, aliwaonya wazazi kwamba kumfuatilia mtoto kila mahali si malezi, na kwamba afadhali kujua moyo wake umefika wapi katika safari ya maisha kuliko kujua mwili wake uko wapi. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo. Lakini mpaka Mtito Andei sikuwa nimelielewa.

Je, mke wangu alifanya haki pale ufuoni? Naamini ndiyo, na sababu yangu ni hii. Kumtambua mtu aliye katika maisha ya mtoto wako si kusema kwamba kila kitu kimekamilika. Ni kusema kwamba unaona. Aliyeonekana anaweza kualikwa nyumbani, aliyefichwa hawezi. Tena heshima ile ilikuwa na masharti yake ndani yake: anayepewa heshima ya mkwe anajua anachopaswa kukifanya mkwe. Kijana alielezwa hayo pale pale mchangani. Hotuba yangu ingemwambia jambo hilo hilo, lakini ingemwambia kama mshitakiwa.

NYUMBA YA WATU WAWILI

Tulifika Bumula Jumapili asubuhi. Umande ulikuwa kwenye majani, jirani alikuwa amekamua ng'ombe. Mke wangu aliwasha moto. Nyumba ilikuwa kimya. Nikagundua kwamba katika siku nane za bahari sikuwa nimetembea naye ufuoni hata mara moja, sisi wawili tu. Kila mara tulikuwa na wajukuu, au na mizigo, au na jambo la watoto wa kubishania. Nilijuta sana, na bado najuta.

Wapendwa, mtoto mkubwa akiondoka, anayebaki ni mwenzako. Wako watu ambao kwa miaka 35 wamezungumza juu ya karo, ugonjwa wa watoto na ndoa za watoto, hata wakisahau kwamba walianza wakiwa wawili, nao watamaliza wawili, kisha mmoja. Siku ya mwisho ya likizo, kama ni Bamburi au ni chini ya mwembe wako Kimaeti, usiwape watoto yote. Baki na saa moja ya kumwambia mwenzako, "Tumelea. Tumekosea mengi, lakini tumelea." Nadhani tungeambiana hivyo mapema, tungehitaji hotuba chache zaidi.

Hukuniuliza, lakini najua unataka kujua: kijana hajaleta wazee. Amempigia mke wangu simu mara mbili, na kwa adabu akamwamkia kupitia kwa binti. Tunangoja. Nimemwambia binti kwamba siku watakapokuja kutakuwa na kuku. Yeye anajua nina maana gani.

MAZUNGUMZO YA MUME NA MKE

Mwezi huu, kabla watoto hawajaja au kabla hawajaondoka, kaeni wawili mkajiulize haya:

1. Ni jambo gani moja tunalotaka kuwaambia watoto wetu? Je, ni letu, ni lao, au ni hatari?

2. Kama ni letu, mbona hatujalisema? Tumeogopa nini?

3. Kama ni lao, tumeuliza mara ngapi? Na je, tuliwahi kungoja jibu?

4. Tukilisema, je, bado kutakuwa na siku moja ya kula pamoja baadaye?

5. Mara ya mwisho mimi na wewe kutembea pamoja, bila mzigo wala mtoto, ilikuwa lini?

Lile la tano lijibuni kwa miguu.